SOMO LA REDIO: MTAMBO ULIOKO KILELENI

Leo twaendelea na historia ya mawasiliano. Kiongozi wa kikundi na aandike ubaoni neno moja: ripita. Huu ni mtambo uwekwao mahali pa juu. Hupokea sauti dhaifu ya simu ya upepo, na papo hapo huitoa tena kwa nguvu.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wa Tarime walijua yowe. Ng'ombe walipoibwa, mji mmoja ulipiga yowe, mji wa pili ukalipokea, wa tatu ukalipeleka mbele. Mji mmoja ukinyamaza, habari ilikufa hapo.

Kwa nini kilima? Mawimbi ya simu ndogo ya mkononi huenda karibu kama macho yaonavyo. Watu wawili wakisimama uwandani, hesabu yaonyesha kwamba hupoteana baada ya kilomita 10 hivi. Lakini weka ripita mita 100 juu ya uwanda, pasipo kizuizi: itamsikia kila mmoja wao hata kilomita 45. Basi aliye upande huu wa kilima huongea na aliye upande wa pili.

Hapo kwanza njia ilikuwa nyingine. Wapenda redio ya ridhaa, yaani watu wenye leseni wanaozungumza hewani bila malipo, walitumia mawimbi marefu zaidi, ambayo hurudishwa chini na tabaka za juu za anga. Vituo vyao Tanganyika vilijulikana kwa alama VQ3. Baada ya uhuru wa 1961 alama ikawa 5H. Madaktari wa ndege, ambao shirika lao lilianzishwa mwaka 1957 na Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, nao walizungumza kutoka Nairobi na hospitali za porini kwa mawimbi ya namna hiyo. Yalifika mbali sana, lakini yalibadilika mchana na usiku, tena yalitaka waya mrefu. Hayakumfaa mtu atembeaye.

Katika miaka hiyo ya 1950, huko California, Art Gentry alikuwa miongoni mwa wapenda redio wa kwanza kujenga ripita. Ripita hupokea kwa njia moja na kutoa kwa nyingine. Katika mawimbi ya ridhaa ya mita mbili, njia hizo kwa kawaida hutengana kilohezi 600 tu. Kwa hiyo huwekwa mikebe ya kuchuja mawimbi. Bila hiyo, mtambo hujipigia kelele masikioni mwake wenyewe.

Sasa tuje nyumbani. Hifadhi ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, ina kilomita za mraba 14,763. Tuseme askari amevunjika mguu karibu na mto Grumeti. Simu yake nzima, betri imejaa, anaita. Kimya. Kosa si lake, liko kileleni.

Kosa gani? Mara nyingi ni dogo. Radi, ambayo nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria huijua sana, imepita katika mlingoti usio na waya mzuri wa ardhini. Betri imezeeka. Bamba la umemejua limeibwa au limefunikwa na vumbi. Panya ametafuna waya. Moto wa kiangazi umepanda na nyasi.

Hapa ndipo penye funzo. Kununua mtambo ni kazi ya siku moja, nayo hupigiwa makofi. Kuutunza ni kazi ya miaka, isiyoonwa na mtu. Yafaa bajeti iwe na fedha ya betri mpya kabla ya ile ya kwanza kufa. Awepo fundi wa karibu, mwenye ufunguo na mwenye daftari la ukaguzi. Nyasi zifyekwe kabla ya kiangazi, waya wa ardhini upimwe kabla ya masika. Asiyepanda kilima siku ya amani, atakipanda usiku wa msiba.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Kwa nini ripita huwekwa juu?
2. Yowe na ripita hufanana wapi?
3. Taja chombo cha umma kijijini kwenu, kama pampu au mashine. Nani ana daftari lake?

Kwaherini, hadi somo lijalo.