Banki iliyouzwa dola moja

Vijana wa huku Shari wakitaka kufanya tamasha la kuwasaidia wahami wa vita, jambo la kwanza linalowasumbua ni mahali pa kukutana. Wanaomba uwanja wa shule ama ukumbi wa kanisa, na mvua ya Ituri ikishuka, kazi yote inakufa. Basi, wasikilizaji wetu na ninyi ndugu mnaotufuata mkiwa kwenye makambi, leo nawaletea historia ya nyumba moja ya mbali, kule Chicago, Marekani. Ilikuwa banki. Sasa ni mahali ambapo wakaaji wa mtaa wanakutana, wanasoma, wanacheza muziki.

Lakini kwanza tukumbuke sisi tunalisikia vipi neno hilo. Banki ya Kongo ya Wabelgiji ilianzishwa mwaka 1909, wakati dhahabu ya Kilo ilikuwa imeanza kuchimbwa tangu 1905. Banki hiyo ndiyo iliyotoa noti za koloni hadi 1952. Babu zetu walichimba, feza ikahesabiwa kwingine. Kisha mwezi wa Desemba 1979 serikali ya Mobutu ikafuta noti za zaire 5 na zaire 10, ikatoa siku chache tu za kuzibadilisha. Aliyekaa mbali na banki alibaki na makaratasi. Wazee wengi wanaoficha feza chini ya godoro hadi leo si kwamba hawakusoma. Wanakumbuka.

Kule Chicago pia watu wanakumbuka. Banki ya barabara ya Stony Island ilijengwa mwaka 1923, upande wa kusini wa mji, na nguzo kubwa mbele kama za kanisa. Wakati ule wakaaji wa mtaa walikuwa Wazungu. Baadaye familia za Weusi zilihamia, Wazungu wakaondoka, na feza ikaondoka nyuma yao. Tangu miaka ya 1930 kulikuwa na ramani za miji ambamo mitaa ya Weusi ilitiwa rangi nyekundu, maana yake: hapa usikopeshe. Mtu alifanya kazi, alilipa kodi, lakini akiomba mkopo wa kununua nyumba, anarudishwa. Katika miaka ya 1980 banki ile ikafungwa. Ikakaa tupu karibu miaka 30, paa ikivuja, maji yakijaa chini, mpaka mji ukapanga kuibomoa.

Msanii mmoja Mweusi, Theaster Gates, ambaye alikuwa ameanza kutengeneza nyumba zilizoachwa katika mitaa ya karibu, akaiomba. Mwaka 2012 mji ukamuuzia kwa dola 1, kwa sharti atafute mwenyewe feza ya kuitengeneza. Dola moja! Lakini msidanganyike na bei hiyo, kazi yenyewe ilihitaji milioni kadhaa.

Hapa ndipo alipotumia akili. Alitoa marumaru kwenye vyoo vya banki, pale wanaume walipokuwa wanakojoa, akayakata vipande 100, akavichonga mfano wa hati za deni. Noti za dola zina maneno yanayosema kwamba wanamtumainia Mungu. Yeye akachonga kwamba wanatumainia sanaa. Kila kipande aliweka bei ya dola 5,000, akawauzia matajiri. Banki iliyowanyima watu mkopo ikaanza kujikopea kwa vipande vya choo chake. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Ilifunguliwa Oktoba 2015. Ndani mna vitabu na magazeti ya kampuni iliyochapisha Ebony na Jet, magazeti yaliyosomwa sana na Weusi wa Marekani, pamoja na santuri za Frankie Knuckles, mmoja wa waanzilishi wa muziki wa house. Chumba cha kufichia feza kiliachwa na kutu yake, hawakukipaka rangi.

Linalonigusa zaidi liko nje, kwenye majani. Mwezi wa Novemba 2014, katika mji wa Cleveland, polisi alimpiga risasi mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, aliyekuwa akichezea bunduki ya mchezo karibu na kibanda cha bustani. Mama yake, Samaria Rice, hakutaka kibanda kile kibomolewe na kutupwa. Mwaka 2016 kilifunguliwa ubao kwa ubao, kikapelekwa Chicago, na mwaka 2019 kikasimamishwa tena kando ya banki ile. Watu wakakaa ndani yake, wakazungumza, watoto wakacheza.

Ninyi mliokimbia Djugu na Irumu mnaelewa kuliko mimi kwa nini mama atake ubao mkuukuu uhifadhiwe. Wengi mmeacha makaburi nyuma, wengine hamna hata kaburi.

Ndiyo sababu, vijana wetu wanapoomba wakubwa wa mji nyumba isiyotumika, ningependa waombe zaidi ya ukumbi wa ngoma. Waombe na chumba kimoja cha kuandika majina. Na kabla ya kupokea funguo, wakae wakubaliane nani atalipa umeme na nani atatengeneza paa mwaka wa pili, wafadhili wakishaondoka. Akina mama wa likelemba wanajua kuhesabu hayo. Wao ndio wangeitwa kwanza kwenye mkutano.