Nguzo za Mpanga na mwamba wa Nyanda za Juu

Pale Nyololo, barabara ya Mgololo inapoachana na barabara kuu ya Iringa na Mbeya, ardhi ni nyekundu, laini na nene. Mkulima huifurahia. Mhandisi husita, kwa kuwa sehemu kubwa ya udongo huo ni mwamba uliooza.

Kwa mamilioni ya miaka maji ya mvua yamekuwa yakipenya kwenye nyufa za graniti na gineisi za Nyanda za Juu Kusini, yakaula mwamba pande zote na kuacha viini vigumu katikati. Jiwe la Gangilonga pale Iringa mjini ni mabaki ya kazi hiyo, udongo uliolizunguka ulishasombwa zamani. Viini vingine vingi bado vimezikwa. Ndiyo maana mashimo mawili ya kupima ardhi yaliyoachana hatua chache yanaweza kutoa majibu tofauti kabisa: moja likagota kwenye jiwe mapema, la pili likashuka mita nyingi kwenye udongo mtupu. Na lile lililogota huenda limekutana na jiwe lililozikwa tu, wala si mwamba wenyewe.

Wajenzi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, waliingia katika ardhi ya namna hii. Tanzania, Zambia na China zilitiliana saini mkataba wa kuijenga mjini Beijing Septemba 1967, na timu ya wapimaji 12 ikatembea kwa miguu kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, kazi ya miezi tisa, kutafuta njia ya reli. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Kipande kilichowatesa kuliko vyote ni cha Mlimba hadi Makambako, ambako katika takriban kilomita 160 reli hupanda zaidi ya mita 1,000 kutoka bonde la Kilombero. Sehemu kubwa ya mahandaki 22 ya reli nzima ipo hapo.

Hapo pia ndipo lilipo daraja la mto Mpanga, lenye nguzo tatu za mita 50 hivi. Kwa kimo, kila nguzo inakaribia jengo la ghorofa 16, na treni yenye shehena ya shaba hupita juu yake. Tuchukue hesabu ndogo: msingi wenye upana wa mita 5 ukizama sentimita 1 upande mmoja, kichwa cha nguzo ya mita 50 huhama sentimita 10. Kwa reli, hiyo ni hatari. Kwa jengo refu ni nyufa kuanzia chini hadi paani.

Dawa yake ni kuchoronga, tena kuchoronga kupita jiwe la kwanza. Sampuli za mwamba hutolewa zikiwa mithili ya mishumaa minene, zikapangwa kwenye sanduku kwa mfuatano wa kina. Vipande vya sentimita 10 na zaidi hujumlishwa, kisha jumla hiyo hulinganishwa na urefu wote uliochorongwa. Kipimo hicho kilibuniwa na Mmarekani Don Deere miaka ya 1960, na mpaka leo hutumika kila pembe ya dunia. Vipande virefu ni habari njema. Sanduku likijaa kokoto na vumbi, msingi lazima ushuke zaidi.

Mwamba wa milima ya Udzungwa, ambayo reli hiyo huipanda, unaweza pia kuwa mzuri ajabu. Kihansi, kituo cha umeme wa maji cha megawati 180 kilichokamilika karibu na mwaka 2000, mitambo yake iko ndani ya mlima, na sehemu kubwa ya njia ya maji imeachwa mwamba mtupu bila kuvikwa zege.

Reli ya TAZARA ilikamilika Juni 1975 na kukabidhiwa Julai 1976. Wafanyakazi zaidi ya 160, Waafrika na Wachina, walipoteza maisha katika ujenzi wake. Septemba 2024 nchi tatu zilezile zilitia saini mjini Beijing makubaliano ya kuifufua.

Leo ghorofa zinapanda Makambako, Mafinga na Mbeya, na huko Mbeya kuna pia majivu ya volkano ya Rungwe juu ya mwamba. Mwenye kiwanja asikubali msingi uliochorwa kwa kukisia kutoka shimo moja. Amtake mhandisi wake amwoneshe sanduku la sampuli, na amuulize kilichokutwa chini ya kila nguzo kabla ya lori la kwanza la zege kufika.