Hazir: juu ya nini nguruwe anaitwa najisi kwa Kiebrania

Hapa Mashariki, Mwadventista na Mwislamu hawali nguruwe, lakini jirani yao Mkatoliki anamfuga nyuma ya nyumba. Bishano likianza, Biblia inaletwa. Basi ni vizuri kujua inasema nini mu lugha yake yenyewe.

Kwa Kiebrania nguruwe anaitwa hazir. Ile h inatokea ndani ya koo. Waarabu wanasema khinzir, ni neno la ukoo mmoja, na kutoka kwao Kiswahili cha zamani kilipata hanziri. Hazir si tusi, ni jina la mnyama tu. Mu Biblia ya Kiebrania linatokea mara 7.

Sheria iko mu Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14. Mnyama wa kuliwa lazima awe na kwato zilizopasuka, tena awe anacheua. Ng'ombe na mbuzi wako na yote mawili. Ngamia, wibari na sungura wanahesabiwa kama wanacheua, lakini kwato zao hazikupasuka. Nguruwe ni kinyume: kwato ziko sawa, kucheua hapana. Kwa hiyo ni tame, maana yake najisi.

Hapo njo wengi wanapotea. Tame si uchafu wa matope, si minyoo, si pepo. Ni hali ya mtu kutofaa kukaribia hekalu na dhabihu. Mwenye kugusa mzoga anakuwa najisi mpaka jioni, basi. Nguruwe mzima akipita njiani hamtii mtu unajisi. Na ngamia naye ni tame vilevile, lakini nani anamtukana ngamia?

Chuki juu ya nguruwe iliongezwa na historia. Mu 167 mbele ya Kristo, mfalme Antioko wa 4 alianza kuwalazimisha Wayahudi kuacha Sheria yao. Kitabu cha pili cha Wamakabayo kinaeleza mzee Eleazari, wa miaka 90, aliyechagua kufa kuliko kumeza ile nyama. Nyuma yake, marabi walifananisha nguruwe na utawala wa Roma: akilala ananyoosha miguu, kwato zionekane, sawa vile anasema "mimi ni safi". Mu Talmud wanakwepa hata jina lake, wanasema davar aher, "kitu kingine".

Israeli ya leo iko na sheria ya 1962 inayokataza kufuga nguruwe, isipokuwa Nazareti na sehemu zingine zenye Wakristo, mabustani ya wanyama, na vituo vya uchunguzi wa kisayansi.