Dawa kwenye chakula cha kuku: ilikotoka, na kwa nini upige hesabu kabla ya kuchanganya kitunguu saumu

Swali ninaloulizwa zaidi na wafugaji wa kuku wa nyama ni hili: "Niweke nini kwenye chakula ili wakue haraka?" Wengine wanataka antibiotiki ya unga, wengine kitunguu saumu, tangawizi au majani ya mlonge. Kabla sijakujibu, nikupe historia kidogo, maana jibu limo humo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, watafiti wawili, Thomas Jukes na Robert Stokstad, walikuwa wakifanya kazi katika maabara ya kampuni ya Lederle, jimbo la New York, Marekani. Walikuwa wanatafuta chanzo rahisi cha vitamini B12 kwa ajili ya vifaranga. Wakajaribu kuwalisha mabaki ya kiwanda yaliyobaki baada ya kutengeneza antibiotiki iitwayo Aureomycin. Vifaranga wakakua kuliko vitamini peke yake ilivyoweza kueleza. Kumbe mabaki yale yalikuwa na dawa kidogo. Mwaka 1951 Marekani ikaruhusu antibiotiki kuchanganywa kwenye chakula cha mifugo bila cheti cha daktari. Aureomycin ni ya familia ya tetrasaiklini, ndugu wa ile unayouziwa leo kwenye duka la pembejeo.

Lakini mapema tu, watafiti wa Uingereza waligundua jambo ambalo wauzaji hawakulitangaza. Vifaranga waliowekwa kwenye chumba kipya na safi walikua vizuri bila dawa, na walipopewa dawa hawakuongeza kitu. Faida ilionekana kwenye mabanda yaliyozoeleka, yenye vimelea vya makundi yaliyotangulia. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ile faida ilikuwa ni gharama ya uchafu inayolipwa kwa njia nyingine.

Tatizo likaja kwa binadamu. Bakteria wanaozoea dawa kidogo kila siku hujifunza kuihimili, na usugu huo huweza kumfikia mtu. Mwaka 1969 kamati ya Swann huko Uingereza ilionya kwamba antibiotiki za kutibu watu zisitumike kukuza mifugo. Sweden ikapiga marufuku vichocheo hivyo mwaka 1986. Nchini Denmark, wafugaji wa kuku wa nyama wenyewe waliacha mwaka 1998, na Umoja wa Ulaya ukafunga kabisa mlango tarehe 1 Januari 2006.

Watu walitabiri hasara kubwa. Denmark walipopima, vifo vya kuku havikuongezeka, na kilo za kuku kwa kila mita ya mraba hazikupungua. Kilichobadilika ni chakula: kila kilo moja ya kuku ilihitaji takribani gramu 16 zaidi. Na fedha waliyookoa kwa kutonunua dawa ilifidia sehemu kubwa ya hasara hiyo.

Zilete gramu 16 hizo bandani kwako. Una kuku 100, kila mmoja unamuuza na kilo 2. Jumla ni kilo 200 za kuku, sawa na kilo 3.2 za chakula. Tuseme mfuko wa kilo 50 unaununua 75,000, yaani 1,500 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 4,800 kwa kundi zima. Kwa banda linalotunzwa vizuri, hicho ndicho kiasi ambacho kichocheo kinaweza kukuokolea. Ukilipa zaidi ya hapo, umemnufaisha muuzaji.

Baada ya marufuku ya Ulaya, soko la vitu vya asili lilipanuka: mafuta ya oregano na thaimu, kitunguu saumu, asidi za kikaboni, bakteria wazuri wa tumboni. Baadhi vimeonyesha faida kwenye majaribio, lakini matokeo hupishana sana kati ya banda na banda. Kwa hiyo "cha asili" kipimwe kwa mizani ileile.

Fanya hivi. Gawa vifaranga wa kundi moja sehemu mbili zilizo sawa. Chakula kiwe kilekile, ila upande mmoja uongeze kitunguu saumu chako. Andika kila kilo ya chakula unayoingiza. Siku ya kuuza, pima kuku wote, kisha gawanya kilo za chakula kwa kilo za kuku. Rudia kwa makundi mawili au matatu. Kama tofauti haionekani kwenye daftari, haipo mfukoni pia.

Tahadhari moja: Denmark hawakuacha kila kitu. Waliendelea na kinga ya koksidiosisi kwenye chakula. Nawe usiache chanjo za kideri na gumboro, wala usimtibu kuku anayeharisha damu kwa mwarobaini peke yake. Mwite afisa mifugo. Akikuandikia antibiotiki, maliza dozi, na usichinje kabla ya siku zilizoandikwa kwenye lebo kwisha.

Basi, jibu la swali lako: anza na maranda makavu, maji safi, hewa ya kutosha, na banda lipumzike kati ya kundi na kundi. Hayo ndiyo yaliyowafanya vifaranga wa kile chumba kipya wakue bila dawa.