Ally Mayay

Ally Mayay Tembele ni mwanasoka wa zamani wa Tanzania aliyekuja kuwa mchambuzi wa mpira kwenye televisheni. Aliichezea Yanga, klabu ya Jangwani, Dar es Salaam, iliyoasisiwa mwaka 1935, akawa nahodha wake na pia nahodha wa timu ya taifa, Taifa Stars.

Baada ya kutundika daluga aliingia studio, na watazamaji wengi wa Azam TV wanamfahamu kwa kazi hiyo kuliko kwa miaka yake uwanjani. Uchambuzi wa mchezaji wa zamani una thamani ya pekee: mtangazaji husimulia mpira ulikokwenda, lakini aliyewahi kuvaa kitambaa cha unahodha hueleza kwa nini beki alichelewa kurudi au kiungo alikosa mtu wa kumpasia. Vijana wanaojifunza soka mbali na viwanja vikubwa, kama wa Namasakata mkoani Ruvuma, wanauhitaji sana ufafanuzi wa namna hiyo.

Mwaka 2017 aligombea urais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) katika uchaguzi uliofanyika Dodoma, lakini mgombea mwenzake Wallace Karia akashinda. Mwaka 2022 Mayay aliteuliwa kukaimu ukurugenzi wa maendeleo ya michezo katika wizara inayosimamia michezo.