Mshale Mahali Peupe

Wengi wakikiona kile kifaa kidogo cha kuonyesha njia kimebandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari, hudhani historia yake ilianza na setilaiti. Sivyo. Mwaka 1985, huko California, kampuni iitwayo Etak ilianza kuuza chombo cha kuonyesha njia garini ambacho hakikutegemea setilaiti hata moja. Kilikuwa na dira, vipimo vya mzunguko wa magurudumu, na ramani zilizohifadhiwa kwenye kaseti. Kaseti hasa, ndugu msomaji, jamaa ya zile tulizosikilizia taarabu. Gari likikata kona, chombo kililinganisha kona hiyo na ramani, kikajisahihisha. Jina Etak lilitoka kwa mabaharia wa visiwa vya Mikronesia, ambao katika hesabu zao za safari hukichukulia chombo chao kuwa kimetulia, na visiwa ndivyo vinavyosogea na kukipita. Ndivyo ionekanavyo hata katika vifaa vya sasa: gari limetulia katikati ya kioo, na dunia ndiyo inayolijia.

Setilaiti zenyewe zilikuwa mali ya jeshi la Marekani, na zingali mali ya serikali hiyo. Ya kwanza ilirushwa Februari 1978. Kazi yao ni kutangaza saa. Kifaa hupokea saa kutoka kwa setilaiti zisizopungua nne, kikapima jinsi kila habari ilivyochelewa njiani, na kutokana na uchelewaji huo kikapata umbali, kisha mahali. Zinazunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, na saa zake huenda mbele kuliko za duniani kwa sehemu 38 kati ya milioni moja za sekunde kila siku, kama hesabu za Einstein zinavyotaka. Hilo lisiporekebishwa, kosa litaongezeka kwa kilomita 10 hivi kwa siku. Laiti ningalikuwa na mfano huo nilipokuwa nikisikia walimu wa fizikia wakiulizwa na wanachuo nadharia ile inamfaa nani!

Mlango wa raia ulifunguliwa na msiba. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini ilipotea njia, ikaingia anga ya Urusi ya Kisovyeti, ikatunguliwa. Watu 269 walikufa. Mwezi huo huo serikali ya Rais Reagan ilitangaza kwamba mfumo ukikamilika raia wa dunia nzima watautumia bure. Lakini walipewa kwa mkono mmoja na kubaniwa kwa mwingine, kwani habari za raia zilivurugwa makusudi ili kosa liweze kufika mita 100. Kichekesho kilikuja katika Vita vya Ghuba mwaka 1991. Vifaa vya kijeshi havikutosha, askari wakapewa vya madukani, na uvurugaji ukalazimika kusitishwa kwa muda ili wao wenyewe wasipotee jangwani. Uliondolewa kabisa mwanzoni mwa Mei 2000 kwa amri ya Rais Clinton. Tangu hapo kifaa cha garini kiliweza kutofautisha barabara moja na ile ya jirani yake.

Mimi nilikifahamu mwaka 2006, mpwa wangu aliponijia Dodoma na gari la kazini kwake. Alinionyesha namna ya kukifunga: kikombe cha mpira kibanwe kioo kikiwa safi na kikavu, chini pembeni, kisimzuie dereva kuona wala kisikae mbele ya mfuko wa hewa, waya uingie kwenye tundu la kiberiti cha sigara, kisha gari lisimame uwanjani, mbali na miembe na majengo marefu. Kifaa kilichozimwa muda mrefu, au kilichosafirishwa mbali, huhitaji dakika kadhaa kutambua setilaiti zilipo. Orodha yao kamili huchukua dakika 12 na nusu kupokewa. Vijana hawana subira hiyo. Hukizima na kukiwasha, nacho huanza upya.

Tukaelekea Kondoa. Baada ya muda barabara ikakatika kiooni, ukabaki mshale wetu peke yake juu ya rangi nyeupe.

"Mjomba, mashine inasema tupo porini."

Tulikuwa katikati ya kijiji. Shule kushoto, mnada kulia, na mbuzi mbele yetu hawataki kupisha.

Hapo ndipo nilipolielewa jambo ambalo matangazo ya biashara hayakulisema. Setilaiti hazibagui: mshale ule ulikuwa sahihi Kondoa kama London. Ramani ndiyo inayobagua, kwa sababu huchorwa na watu, nao huanza kuchora kwenye wanunuzi. Mkufunzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba baada ya vifaa hivi somo la kusoma ramani lingefaa kuondolewa vyuoni. Nilimkatalia, na ningali namkatalia. Mathalani, chukua namba za kifaa uzitie kwenye ramani zetu za zamani za 1:50,000: utajikuta takriban mita 300 mbali na ulipo. Wala hakuna aliyekosea. Ramani hizo zilikokotolewa kwa mfumo wa Arc 1960, uliotokana na upimaji wa mstari wa nyuzi 30 mashariki, kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, kazi ya miongo mingi iliyokamilika mwaka 1954. Kifaa kina mfumo wake mwingine, hadi ukibadilishe. Asiyefundishwa ramani atajuaje kwamba anapaswa kukibadilisha?

Pwani yetu ililijua hili zamani. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuwa na vyombo vya kupimia nyota. Alichokosa ni rubani aijuaye bahari ile, naye akampata hapo hapo.

Siku hizi simu imechukua nafasi ya kifaa kile katika magari mengi, na ile rangi nyeupe imepungua. Haikupunguzwa na setilaiti mpya. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walitembea vichochoroni na vipokezi vya mkononi wakakichora kitongoji chao, ambacho ramani nyingi zilikiacha wazi. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu Dar es Salaam walifanya hivyo katika kata zinazofurika, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria. Namba walizipata angani. Jina la mtaa, na maji yalifika wapi masika iliyopita, walibisha hodi wakauliza.