Fataki ya Ukingoni

Fataki ya ukingoni ni mfumo wa risasi ambao kemikali ya kuwashia baruti hutandazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Kwa Kiingereza mfumo huu huitwa rimfire. Risasi yake maarufu kuliko zote ina kipenyo cha milimita 5.6.

Neno fataki linajulikana vijijini. Katika vijiji vya Tanzania, bunduki ya kienyeji inayofahamika ni gobole. Gobole hushindiliwa baruti na goroli kupitia mdomo wa mtutu, kisha fataki huvishwa nyuma, nje ya mtutu. Nyundo ikiigonga, cheche hupenya na kuwasha baruti. Katika risasi za kisasa fataki imehamia ndani ya ganda: ama katikati ya kitako, ama ukingoni. Kazi yake ni ileile, hivyo istilahi inahitaji tu kutaja mahali ilipo. Ganda lililotumika nalo hushuhudia: la fataki ya katikati lina kishimo katikati ya kitako, la fataki ya ukingoni limebonyea pembeni.

Mfumo huu ulianzia Ufaransa mwaka 1845 kwa kazi ya Louis-Nicolas Flobert. Mwaka 1857 Smith & Wesson ya Marekani ilitoa bastola ya risasi za namna hiyo, na mwaka 1887 ikaja risasi ndefu inayotumika hadi leo.

Ili ukingo ubonyee unapogongwa, ganda lazima liwe jembamba, na ganda jembamba halihimili shinikizo kubwa. Ndiyo sababu risasi hizi ni dhaifu kiasi, bei yake ni nafuu na bunduki hairudi nyuma kwa kishindo. Sifa hizo zinafaa mashindano ya shabaha. Katika Olimpiki, mashindano ya bastola ya mita 25 hutumia risasi hizi.

Bastola za shabaha za aina hii ni nyingi: Ruger, iliyoanza kutengeneza yake mwaka 1949, Browning Buck Mark, Walther na Pardini. Baadhi huuzwa zikiwa nyekundu, buluu, zambarau au dhahabu. Rangi hiyo haipakwi juu tu. Sehemu za alumini huzamishwa katika tindikali na kupitishwa umeme, zikajijengea utando wenye vitundu vidogo mno. Utando hunyonya rangi, kisha vitundu huzibwa.

Rangi haibadilishi hadhi ya silaha. Nchini Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 humtaka mmiliki awe na leseni, na risasi ya fataki ya ukingoni, pamoja na udogo wake, huweza kuruka zaidi ya kilomita moja na kuua.